Kubadilisha droni za kikosi Unguja na Pemba: mwongozo kamili, kutoka betri ya zamani hadi ushahidi wa mahakamani

Kila baada ya miezi michache napigiwa simu ile ile. Kikosi kimekabidhiwa droni mpya, picha za makabidhiano zimepigwa, na kabla kusi halijaisha droni mbili kati ya tatu zimelala stoo. Moja imeingia chumvi kwenye mota. Ya pili haina betri inayoshika chaji. Ya tatu ni nzima, ila aliyefundishwa kuirusha amehamishiwa wilaya nyingine.

Mwongozo huu ni wa afande aliyepewa dhamana ya droni na kuambiwa "zibadilishe", awe polisi, zimamoto, uokozi wa baharini au manispaa. Ukiufuata kwa utaratibu wake utakuchukua kama miezi mitatu. Wanaojaribu kuumaliza kwa wiki moja ndio hao wanaonipigia simu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari gumu moja kwa kila droni, na kalamu ya wino mzito ya kuandikia namba
- Maltimita ya kupimia umeme
- Ndoo mbili za mchanga mkavu, wa kuchimba, si wa pwani
- Maboksi ya plastiki yenye mfuniko unaobana, na vifuko vya kunyonya unyevu
- Brashi laini ya rangi, vitambaa vya pamba, na chupa ya maji safi ya kunywa
- Turubai zito la mita 2 kwa 2 la kurukia na kutulia, na mawe manne ya kulikandamiza
- Kipima upepo cha mkononi
- Stabilaiza kwa ajili ya chaja zote
- Kadi mpya za kumbukumbu na bahasha za kaki
- Ofisi yenye intaneti ya uhakika, si ya kubahatisha

Mchanga wa pwani nimeukataa kwa makusudi. Una chumvi na unyevu, na ndoo hiyo itakaa jirani na betri miaka.

## Hatua ya 1: Hesabu betri kabla hujahesabu droni

Toa kila betri stoo na uipe namba. Iweke juu ya meza tambarare, kisha iguse kona kwa kidole. Ikicheza kama kiti chenye mguu mfupi, imevimba, na safari zake zimekwisha. Usiibane ili irudi umbo lake, usiitoboe, usiirushe "hii mara moja tu". Itie kwenye ndoo ya mchanga, nje ya jengo, kivulini.

Zilizobaki zijaze chaji, ziache zipumzike saa moja, kisha soma volti ya kila seli (betri ndogo zilizounganishwa ndani ya betri moja) kwenye programu ya droni. Seli iliyojaa husoma karibu volti 4.2, na baadhi ya betri za aina mpya huzidi hapo kidogo. Kinachotafutwa ni tofauti baina ya seli na seli. Betri ambayo seli yake moja iko nyuma ya wenzake kwa zaidi ya volti 0.1 iwekwe kando, kwa sababu ndiyo itakayokata ghafla ikiwa juu ya maji huku skrini ikionesha asilimia 35.

Halafu rusha droni mita 2 tu kutoka ardhini, katika uwanja usio na watu, ikae hapo hapo mpaka betri ifike asilimia 30. Andika dakika.

Umefaulu pale unapokuwa na ukurasa mmoja wenye namba za betri na dakika zake. Usishangae ukigundua kwamba droni za zamani ni nzima na ugonjwa wote ulikuwa kwenye betri. Ikiwa hivyo, nusu ya fedha unazotaka kuomba hazihitajiki, na mkuu wako atakusikiliza zaidi kwa ile nusu iliyobaki.

## Hatua ya 2: Andika kazi, usiandike modeli

Barua nyingi za maombi huanza na jina la droni ambayo mtu ameiona kwenye simu. Anza na kazi.

Kutafuta watu baharini usiku. MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, na MV Skagit ikazama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012. Kwa visiwa vyetu kazi hii inatangulia nyingine zote, na ndiyo inayohitaji kamera ya joto, ile inayoona joto badala ya mwanga.

Hapa ndipo wengi hununua kitu kisichofaa. Bahari yetu ina joto la nyuzi 25 hadi 30, na mtu aliye majini anaonesha kichwa tu, tena kimelowa. Tofauti ya joto ni ndogo. Sasa piga hesabu. Chukua kamera ya joto ambayo, ikiwa mita 60 juu, inaona upana wa mita 55 hivi. Kama picha yake ina nukta 640 kwa upana, kila nukta inafunika sentimita 9, na kichwa cha mtu kinapata nukta mbili au zaidi kidogo. Kama ina nukta 160, kila nukta inafunika sentimita 34. Kichwa chote hakijazi hata nukta moja. Droni hiyo itapita juu ya mtu anayepunga mkono na haitamwona.

Kwa hiyo andika kwenye maombi: kamera ya joto ya nukta 640 kwa 512. Na wafundishe marubani kushuka hadi mita 30 pale wanapotilia shaka kitu.

Umati. Idd viwanjani, mechi Amaan, Mwaka Kogwa Makunduchi, tamasha la Sauti za Busara. Kazi hii inataka lenzi ya kuvuta, ili droni ikae pembeni juu ya bahari au kiwanja kitupu. Droni isiyo na lenzi hiyo humlazimisha rubani kusogea juu ya vichwa vya watu, na droni ya kilo nzima ikianguka juu ya watoto wenye nguo za Idd hakuna maelezo yatakayotosha.

Moto na ajali za barabarani. Droni ndogo ya kawaida inatosha. Kwa Mji Mkongwe kumbuka kwamba kuta nene za mawe hukata mawasiliano mara tu droni inaposhuka chini ya mapaa. Rubani apande darini, asisimame kichochoroni.

Polisi wa Chula Vista, California, ambao tangu 2018 hutuma droni kutoka juu ya paa mara simu ya dharura inapoingia, hawakuanza na kila kitu kwa siku moja. Na mwaka 2023 vikosi vya polisi vya Florida vililazimika kuziweka chini droni nyingi walizozizoea, kwa sababu sheria ya jimbo iliwazuia kutumia za watengenezaji wasioidhinishwa. Kama bajeti inaruhusu, usiweke droni zako zote kwa mtengenezaji mmoja.

## Hatua ya 3: Vibali kwanza, fedha baadaye

Droni inasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, na kanuni zake zinahusu Zanzibar kama zinavyohusu Bara. Anza kwao, pamoja na idhini za vyombo vya ulinzi, kabla mzigo haujaagizwa. Droni iliyofika bandarini Malindi bila karatasi itakaa ghalani kwenye joto, na betri haisubiri.

Kisha zungumza na waongozaji ndege. Uwanja wa Abeid Amani Karume uko jirani mno na mji, na kwa Pemba uwanja uko nje kidogo tu ya Chake Chake. Rubani wa ndege ndogo anayeteremka kutokea Dar es Salaam haoni sare yako. Anaona, kama ana bahati, nukta nyeusi mbele ya kioo. Kubalianeni kwa maandishi: nani anampigia nani, kwa namba ipi, na droni isivuke urefu gani. Kiwango cha kawaida ni mita 120 kutoka ardhini, lakini kwenye njia ya kutua huenda mkakubaliana chini ya hapo.

Hatua hii imekamilika siku ambayo namba ya mnara wa waongozaji ndege imeandikwa kwenye jalada la ndani la kila daftari, na zamu zote mbili zimeshawahi kuipiga.

## Hatua ya 4: Kuagiza

Boksi likisema dakika 45, wewe hesabu 25. Dakika za boksi hupimwa pasipo upepo, na hutumia betri mpaka tone la mwisho.

Sasa fikiri kazi ya usiku kucha. Betri inaruka dakika 25, inapoa dakika 20, inachajiwa dakika 70 hivi. Mzunguko mzima ni karibu saa mbili. Ili pasiwe na pengo angani unahitaji betri tano kwa kila droni. Na kwa kuwa chaja nyingi hujaza betri moja baada ya nyingine, hata zikiwekwa nne kwa pamoja, unahitaji chaja tatu. Nimekuta kikosi chenye betri sita na chaja moja. Betri ya nne ilikuwa tayari jua likishachomoza.

Ongeza seti nne za mapanga, yale mabawa yanayozungushwa na mota, kwa kila droni. Ni bei ndogo, na ndicho kitu cha kwanza kuvunjika.

Kwa betri zinazokuja kwa ndege, zidisha volti kwa amperi-saa upate wati-saa. Betri ya volti 15.4 na amperi-saa 5 ni wati-saa 77, na inabebwa mkononi bila tabu. Kati ya 100 na 160 unahitaji ruhusa ya shirika la ndege. Zaidi ya hapo itakuja kama mzigo wa hatari. Betri ya akiba haiwekwi kwenye begi la chini la ndege, kwa hali yoyote.

## Hatua ya 5: Kuwasha mara ya kwanza, ofisini

Kikosi kimoja nilichokuwa nikikihudumia kilipokea droni mbili mpya mchana, na mchana ule ule za zamani zikafungiwa kabatini. Saa nne usiku ikaja simu: dau la wavuvi watatu halijarudi. Tukafika pwani. Droni ya kwanza ikadai isajiliwe kwa intaneti, na pale mtandao ulikuwa unakuja na kupotea. Ya pili ikasajiliwa, kisha ikadai programu ya rimoti isasishwe. Tulikaa dakika 50 tukiangalia mstari wa bluu ukitambaa kwenye skrini, na kaka wa mmoja wa wavuvi amesimama nyuma yangu, hasemi neno. Vijana walirudi alfajiri kwa makasia. Injini yao ilikuwa imezima. Lakini sisi hatukuwatafuta.

Kwa hiyo yafanyeni haya mezani, mchana, kwenye intaneti ya uhakika:

1. Sajili kila droni na kila rimoti kwa akaunti ya kikosi, isiwe barua pepe ya mtu binafsi. Mtu huhama, na akaunti huhama naye.
2. Sasisha droni moja tu. Irushe siku tatu. Ikiwa salama, sasisha nyingine. Sasisho lenye kasoro likiingia kwenye zote siku moja, huna kitu angani.
3. Pakua ramani za Unguja na Pemba zikae ndani ya rimoti, kwa sababu ukiwa kisiwani Misali huenda usipate mtandao.
4. Baadhi ya droni hukataa kupaa karibu na uwanja wa ndege mpaka zifunguliwe. Omba ufunguzi huo sasa, na andika tarehe unapokwisha.
5. Weka saa.

Hiyo ya saa wengi huipita, na inaweza kuharibu kesi kuliko picha mbovu. Askari anaandika kwenye daftari "saa 2:10 usiku". Faili la video linasema 20:10. Kumbukumbu ya ndani ya droni, ikiwa inafuata saa ya dunia (UTC), inasema 17:10. Wakili mzuri atasimama na karatasi tatu zenye saa tatu, na atakuwa na haki ya kuuliza. Amueni kwamba daftari litaandikwa kwa saa 24, na ukurasa wa kwanza ueleze kwa maandishi kwamba kumbukumbu ya ndani iko nyuma kwa saa tatu.

Umefaulu kama unaweza kuzima intaneti ya jengo zima, ukabeba droni mpaka uwanjani, na ikapaa bila kuuliza swali.

## Hatua ya 6: Siku 30 mpya na ya zamani pamoja

Usistaafishe droni yoyote bado. Kwa siku 30, kila mwito wa kweli uende na zote mbili. Ya zamani ndiyo inayofanya kazi. Mpya inafanya mazoezi kando. Katikati ya kipindi badilisheni nafasi.

Ndani ya siku hizi kila rubani aruke angalau mara moja usiku, mara moja kwenye upepo, na mara tano baharini.

### Baharini kuna sheria zake

Toka ukiwa umeelekea upepo, ili urudi ukisukumwa nao. Wakati wa kusi, aliyetoka na upepo mgongoni kutoka Kizimkazi hufika mbali kwa dakika nane, na kurudi kunamtaka dakika ishirini ambazo hana. Droni nyingi ndogo zimetengenezwa kuhimili upepo wa mita 12 kwa sekunde. Kipima upepo chako kikisoma 8 ufukweni, huko juu ni zaidi, na mimi huwa sirushi ila kwa ajili ya roho ya mtu.

Geuka kurudi betri ikiwa asilimia 40. Hata kama umeona kitu. Weka alama kwenye ramani na mpeleke mwenzako.

Usishuke chini ya mita 10 juu ya maji. Macho ya chini ya droni husoma ardhi ili itulie, na mawimbi huyachanganya: yanasogea, yanang'aa, hayana alama.

Ukirusha kutoka kwenye boti, kumbuka kwamba droni hukumbuka mahali ilipopaa. Boti imeshasogea. Mawasiliano yakikatika itarudi kwa uaminifu mpaka pale pale na kutua majini. Mpe mtu mmoja kazi moja: kila dakika tano abonyeze kusahihisha sehemu ya kurudia. Na dira isahihishwe nchi kavu, mbali na magari na nondo, kabla ya kupanda chomboni.

Siku 30 zimekwenda vizuri kama marubani wameanza kubishana juu ya upepo kabla ya kupaa. Huko nyuma hakuna aliyekuwa akiupima.

## Hatua ya 7: Chumvi na joto

Kila baada ya safari ya baharini, kabla ya chai, kabla ya ripoti: lowesha kitambaa kwa maji safi, kikamue mpaka kisitoe tone, futa mwili, miguu na chini ya mapanga. Kausha kwa kingine. Brashi ipite kwenye matundu ya mota. Zungusha kila mota kwa kidole huku sikio liko karibu. Mota nzima iko kimya. Yenye chumvi inatoa sauti ya mchanga kwenye meno, na hiyo hairuki mpaka isafishwe na fundi.

Usimwagie maji ya mfereji, hata kama imeandikwa kwamba inahimili mvua. Kuhimili mvua si kuhimili chumvi.

Betri zikae katika chumba chenye kivuli, zikiwa na chaji ya asilimia 40 hadi 60. Betri iliyojazwa na kuachwa wiki tatu kwenye joto la Machi huvimba. Iliyotoka kuruka isichajiwe mpaka ukiishika mkononi haina joto. Na kamwe isiachwe kwenye gari lililofungwa juani, hata kwa muda wa kuswali tu.

## Hatua ya 8: Picha za watu, na stara yao

Nyumba zetu zina ua, na ndani ya ua mtu yuko nyumbani kwake: mama anapika bila mtandio, watoto wanaoga. Ukuta ule ulijengwa ili asionekane. Droni inauvuka bila kubisha hodi.

Kwa hiyo kamera ielekezwe mbele, isielekezwe chini, mpaka mfike kwenye tukio. Mwambieni sheha wa shehia kabla ya mazoezi, na baada ya mwito wa dharura mwelezeni mlichokuwa mkitafuta. Picha zisizohusu tukio zifutwe ndani ya muda ambao kikosi kimeuandika na mkuu ameusaini. Mimi hupendekeza siku 30. Asiwepo askari yeyote mwenye kipande cha video kwenye simu yake. Kipande kimoja kikizunguka mitaani, hakuna mwananchi atakayekupa darini pake tena.

Zinazohusu kesi zifuate njia moja. Rubani anatoa kadi mbele ya shahidi. Inaingia kwenye bahasha yenye namba ya safari, tarehe, saa na saini mbili. Nakala mbili zinatengenezwa siku hiyo hiyo, na kadi yenyewe haiguswi tena. Kadi za ushahidi hazirudi kwenye droni. Nunua nyingine.

## Hatua ya 9: Kuzistaafisha za zamani

Sasa ndiyo. Futa kumbukumbu za ndani za kila droni na kila rimoti, ziondoe kwenye akaunti, na jaribu kuziwasha kwa akaunti nyingine kuhakikisha hakuna ramani wala picha iliyobaki. Ondoa jina lake kwenye usajili wa TCAA. Moja iliyo nzima ibakizeni kwa mafunzo ya askari wapya; atakayegonga mwembe agonge na hiyo.

Betri zilizokwisha zimalizwe chaji polepole kwa taa ndogo, nje, mtu akiwepo. Zilizovimba ziachwe hivyo hivyo ndani ya mchanga, zisichezewe. Ncha zake za umeme zifunikwe kwa utepe wa plastiki wenye gundi, kisha betri zikabidhiwe kwa mwenye kibali cha taka hatarishi, kwa risiti. Zisitupwe jaani Kibele. Gari la taka hukandamiza, na betri iliyokandamizwa huwaka.

Risiti hiyo ibandike kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la droni ya zamani, chini ya orodha ya betri uliyoiandika siku ya kwanza.